Difu Haipandi

Miongoni mwa wamiliki wa pikapu nzito katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia wakulima wa Kimamba na Rudewa hadi wasafirishaji na waongoza watalii wa mji wa Mikumi, imeota mizizi imani kwamba gari likiinuliwa kwa inchi 4 au zaidi litapita mahali ambapo gari la kimo cha kiwandani litakwama, na kwamba kadiri linavyokwenda juu ndivyo linavyozidi kuwa gari la porini. Nguvu ya imani hii ni kwamba inaonekana kwa macho, kwani pikapu iliyoinuliwa huegeshwa nje ya duka ikawatazama wenzake kwa juu, na mpita njia hahitaji kuelezwa kuwa mwenyewe ametumia fedha. Lakini kinachoonekana kwa macho ni bodi ya gari, na bodi siyo inayogusa tope kwanza. Anayenunua seti ndefu ya kuinulia gari, yaani springi, shokapu na vishikizo vilivyorefushwa ili kuongeza umbali kati ya ekseli na chasisi, mara nyingi hununua kimo ambacho hakifiki pale kinapohitajika, kisha hukilipia mara ya pili kwa breki, usukani na utulivu wa gari lake.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya mtaani huyachanganya. La kwanza ni kimo cha gari, yaani umbali kutoka ardhini hadi kwenye chasisi au paa. La pili ni nafasi ya chini, yaani umbali kati ya ardhi na kitu cha chini kabisa kilicho chini ya gari. Katika pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambao bado ndio kipimo cha gari la kazi katika sehemu kubwa ya Tanzania, kitu hicho cha chini kabisa ni difu, lile bonge la chuma lenye umbo la chungu lililo kwenye ekseli, ambalo hupokea mzunguko kutoka kwenye propela na kuugawa kwa magurudumu mawili. Difu hiyo imo ndani ya ekseli nzima, yaani ile inayounganisha magurudumu mawili kwa mhimili mmoja, mbele na nyuma, na ekseli inabebwa na magurudumu, haibebwi na springi. Springi zimekaa juu yake. Kwa hiyo springi zikirefushwa kwa inchi 4, sawa na milimita 100 na kitu, chasisi itapanda milimita 100, kiti cha dereva kitapanda milimita 100, mkoba wa abiria uliosahaulika juu ya dashibodi utapanda milimita 100, na difu itabaki palepale ilipokuwa.

Njia pekee ya kuipandisha difu kwa kawaida ni kuweka tairi zenye kipenyo kikubwa zaidi, na hapa pia hesabu haina huruma, kwa sababu nusu tu ya ongezeko la kipenyo ndiyo inayokwenda chini ya ekseli. Tairi ya 265/65R17, ambayo ni ya kawaida kwenye pikapu nyingi za kisasa, ina kipenyo cha karibu milimita 776. Ikibadilishwa kwa ya 285/70R17, yenye kipenyo cha karibu milimita 831, tofauti ni milimita 55, na difu hupanda milimita 27 hivi, ambazo hazizidi sana upana wa kidole gumba. Baada ya hapo kipimamwendo hudanganya kwa asilimia 7, hivyo kikionyesha kilomita 80 kwa saa gari linakwenda karibu 86, na injini huzungusha magurudumu mazito zaidi kwa gia zilezile zilizopangwa kwa magurudumu mepesi.

Watetezi wa magari marefu watajibu, na kwa haki, kwamba pikapu kama Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni hazina ekseli nzima mbele, bali kila gurudumu la mbele hujitegemea, na difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo hupanda pamoja nayo. Jibu hilo ni kweli kwa nusu ya gari. Difu ya nyuma ya magari hayo bado imo ndani ya ekseli nzima na bado haipandi, na kule mbele shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni hulazimika kuteremka kwa pembe kali kuliko ile iliyokusudiwa. Viungo vyake huchakaa mapema, na mipira inayofunika grisi yake hupasuka, kisha vumbi la barabara ya kwenda kata za Ulaya na Masanze, ambalo halijawahi kusamehe grisi iliyo wazi, humaliza kazi. Hali huwa mbaya zaidi pale mwenye gari anapokwepa bei ya seti kamili na kuridhika na speza, yaani vipande vya chuma au plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya springi ya zamani ili kuongeza kimo tu, huku shokapu ikibaki na urefu uleule na kufika mwisho wake kila gurudumu linapoingia shimoni.

Si haki kukana kwamba kimo kina faida yake. Gari lililoinuliwa hushuka kingo za makorongo bila kukwangua bampa, kwa sababu pembe kati ya tairi na pua ya gari imeongezeka, na tumbo lake halikai juu ya kigongo pale linapovuka tuta kali. Faida hiyo ni ya kweli kwa anayepanda miamba. Kwenye njia za mashamba ya miwa, hata hivyo, na kwenye njia zote ambako malori yamechimba mifereji miwili ya magurudumu na kuacha mgongo wa udongo katikati, kinachofika kwenye mgongo huo kwanza ni difu, na dereva aliyeketi juu zaidi hupata tu nafasi nzuri zaidi ya kuona mahali atakapokwama.

Mbuga ya Mkata ndiyo inayopaswa kuamua kesi hii kwa wenyeji wa Kilosa na Mikumi. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, kwa sababu chembe zake hunyonya maji na kutanuka. Henry Morton Stanley aliivuka katika masika ya mwaka 1871 akielekea kumtafuta David Livingstone, na msafara wake wa wapagazi na punda ulitaabika siku kadhaa katika maji na tope kabla ya kufika bonde la Mkondoa, na urefu wa miguu yao haukuwasaidia. Udongo ule haukamati tumbo la anayepita, unakamata nyayo. Ukishalowa hujaza nafasi za meno ya tairi hadi tairi ikawa laini kama chapati, kisha gurudumu huzunguka na kujichimbia lenyewe hadi ekseli ilale juu ya tope.

Kinachosaidia hapo ni kupunguza uzito unaokandamiza kila sentimita ya mraba ya udongo, na njia ya haraka ya kufanya hivyo ni kupunguza upepo, kwa mfano kutoka paundi 35 hadi 20 kwa pikapu isiyo na mzigo mkubwa, ili sehemu ya tairi inayogusa ardhi irefuke, halafu kuujaza tena kwa pampu kabla ya kurudi kwenye lami. Kinachofuata kwa umuhimu ni kufuli ya difu, kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka pamoja, kwa kuwa bila kufuli hiyo nguvu hukimbilia gurudumu linaloteleza na kuliacha lenye mshiko likiwa limesimama. Sepetu, mbao mbili na winchi hukamilisha orodha, na gharama ya sepetu na mbao haikaribii ya seti ndefu.

Imani nyingine, ndugu ya ile ya kwanza, inahusu maji. Watanzania huiita Land Cruiser ya aina hii „mkonga” kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, na jina hilo limewafanya wengi wadhani kwamba gari lenye mkonga na miguu mirefu huogelea kama tembo. Mkonga huiokoa injini isinywe maji. Hauiokoi difu, ambayo ina kipumulio kidogo cha kutolea hewa inayotanuka kwa joto: ikiwa imepashwa moto na safari ndefu kisha ikazamishwa ghafla katika maji baridi ya mto, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kipumulio hicho na sili zilizochakaa, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kipumulio kimefungwa kwenye ekseli, kwa hiyo hakipandi gari linapoinuliwa. Mpira mwembamba wa kukipeleka juu hadi karibu na taa ya nyuma hugharimu kidogo sana, na ni nadra kumsikia mtu akijivunia kuufunga.

Tena maji yanayokwenda kasi yana hesabu yake. Kina cha sentimita 60 kinatosha kuyasomba magari mengi, pikapu zikiwemo, na ingawa bodi iliyoinuliwa huchelewa kidogo kuelea, tairi kubwa zilizojaa upepo ni maboya manne, na dereva anayejiona salama huingia kwenye kina ambacho asingekithubutu katika gari fupi. Mkondoa si mto wa kujaribiwa kwa namna hiyo, kwani mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulivunja tuta lake, ukaingia mjini Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuisomba Reli ya Kati katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe.

Hata hivyo, hatari kubwa ya gari refu haiko mtoni. Iko kwenye lami, ambako pikapu nyingi za wilaya hii hupitisha sehemu kubwa ya maisha yao, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia inayopasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Uwezo wa gari kutopinduka hutegemea uwiano kati ya nusu ya upana wa magurudumu yake na urefu wa kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa gari unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo. Ikichukuliwa pikapu yenye upana wa milimita 1,500 na kitovu kilicho milimita 750 juu ya ardhi, mlalo unaoipindua ikiwa imesimama ni wa nyuzi 45. Kitovu kikipanda milimita 100 mlalo huo hushuka hadi nyuzi 41 na ushei, na hiyo ni kabla ya kupakia magunia ya ufuta yanayozidi kimo cha kichwa cha gari, na kabla ya nyati au twiga kumlazimisha dereva kukata usukani ghafla.

Breki nazo huathirika kwa njia ambayo wauzaji wengi wa seti hawaitaji. Pikapu nyingi zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa breki zina vali iliyounganishwa kwa fimbo kati ya chasisi na ekseli ya nyuma, ambayo kazi yake ni kupima mzigo: chasisi ikishuka, vali huelewa kwamba gari limepakiwa na kuruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Chasisi ikiinuliwa bila fimbo hiyo kurekebishwa, vali huamini kwamba gari ni tupu siku zote, na gari lenye tani moja mgongoni huachiwa breki za mbele zibebe karibu kazi yote. Usukani nao hupoteza tabia ya kujirudisha, kwa sababu ekseli nzima ya mbele huzunguka kidogo kwenye mikono inayoishika na kupunguza mlalo wa kuelekea nyuma ambao, kama uma wa baiskeli ulioinama, ndio unaoliweka gurudumu kwenye mstari ulionyooka.

Kipo kiwango cha busara, nacho ni milimita 40 hadi 50, si kwa ajili ya kimo bali kwa ajili ya springi nzito zinazolizuia gari lisichuchumae nyuma linapobeba watalii, mapipa ya mafuta au mazao, mradi springi hizo zichaguliwe kwa uzito ambao gari hubeba kila siku, si kwa mwonekano wake likiwa tupu. Mwenye shaka na hoja hii hahitaji kumwamini mwandishi wala fundi. Anahitaji futi kamba: alale chini ya gari lake kabla ya kulipeleka gereji, apime kutoka ardhini hadi kitako cha difu ya nyuma, aandike namba hiyo kwenye karatasi, kisha apime tena siku atakapokabidhiwa gari lililopandishwa. Ikiwa tairi ni zilezile, namba ya pili itakuwa sawa na ya kwanza.