Manowari ya Kifaransa Chumbani mwa Mtoto

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua ambayo tumeona si vizuri kuijibu kwa siri, kwa kuwa jambo lililomfika yeye limekwisha kuingia katika nyumba nyingi, ila wenye nyumba hawajalitambua. Asema kwamba mwanawe wa miaka 14 alimjia baada ya sala ya isha, kwa adabu kubwa isiyokuwa ya kila siku, akamwomba fedha za kununulia manowari. Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Kijana hakucheka. Manowari yenyewe, akasema, ni ya Kifaransa, jina lake Le Terrible, nayo ni ya mbio sana. Akiipata hatataka kitu kingine mpaka Idi. Basi mama atuuliza: je, mchezo huu ni wa kumkataza mtoto? Na je, mtu hununua vipi kitu kisichoshikika?

Kabla ya kujibu tulifanya lile ambalo twawaomba wazazi walifanye kabla ya kutoa fatwa za nyumbani: tulikwenda kuutazama mchezo wenyewe. Jioni mbili tuliketi nyuma ya kijana mmoja wa jamaa yetu, yeye akicheza kwenye kompyuta yake na sisi tukiuliza. Mchezo huo huitwa World of Warships, nao ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 2015. Mchezaji huchagua manowari yake, akaingia kwa njia ya intaneti katika bahari iliyochorwa kwa ustadi wa ajabu, yeye na wenzake 11 asiowajua, walioko nchi mbalimbali, wakapambana na wengine 12. Pambano moja halipiti dakika 20. Meli ikizama si kitu. Mchezaji hurudi bandarini akaikuta nzima, imepakwa rangi, yangoja safari nyingine.

Na tuseme kweli: ni mchezo mzuri kuutazama. Mawimbi huvunjika juu ya omo, moshi wapeperuka kwa upande wa upepo, mizinga hugeuka taratibu kama ilivyokuwa ikigeuka ile ya chuma. Jioni ya kwanza tulijikuta tumeegemea mbele, na chai yetu imepoa. Mzazi amwambiaye mtoto wake kwamba anatazama upuuzi mtupu hataaminiwa, maana mtoto anaona kwa macho yake kwamba si upuuzi. Watu wengi wenye elimu wametoa jasho kuupima urefu wa kila mlingoti.

Walakini kuna jambo moja lililotushitua, na tulikaa kitambo kabla ya kulitambua. Juu ya sitaha hapakuwa na mtu. Mizinga hupiga, na hapana anayeitia risasi. Moto huwaka, na hapana anayekimbia na ndoo. Tulimwuliza kijana, "Mabaharia wako wapi?" Akatazama kioo kana kwamba ndiyo kwanza akione, akasema, "Hawapo, baba. Hawakuwapo tangu mwanzo."

Basi tukaona kheri tuwaandikie wasomaji wetu khabari za watu hao, kwa kuwa Le Terrible haikuzuliwa na watengeneza michezo. Ilikuwa manowari ya kweli, moja katika ndugu sita waliojengwa na Ufaransa katika miaka ya 1930. Ilishushwa majini mwaka 1933 huko Blainville, karibu na mji wa Caen. Ilikuwa na mizinga mitano na mirija tisa ya kurushia topido, na ndani yake waliishi watu zaidi ya 200. Katika majaribio ya mwaka 1935 ilikwenda zaidi ya maili 45 za baharini kwa saa moja, mwendo ambao manowari za siku zile hazikuuweza, na hata leo manowari nyingi hazijaufikia. Kijana wa mama huyu hakukosea katika hilo. Mchezo nao umeikumbuka sifa hiyo, ukaweka kitufe maalumu cha kuongeza mwendo.

Ndugu zake hawakuwa na bahati moja. L'Audacieux iliwaka moto mbele ya Dakar mwezi Septemba 1940, ilipopigwa na manowari ya Australia. L'Indomptable ilizamishwa na Wafaransa wenyewe katika bandari ya Toulon tarehe 27 Novemba 1942, ili isiingie mikononi mwa Wajerumani. Le Terrible ilinusurika, na ilipokuwa upande wa Washirika ikapewa kazi ambayo twaona yawahusu khasa wasomaji wa gazeti hili.

Mwezi Septemba 1943 Italia ilisalimu amri, na watu wa kisiwa cha Corsica wakainuka kupigana na Wajerumani. Wafaransa waliokuwa Algiers walitaka kuwapelekea msaada upesi, na merikebu za kutosha hawakuwa nazo. Wakaziita manowari zao za mbio. Kwanza nyambizi moja iitwayo Casabianca iliingia Ajaccio na askari 109 waliosongamana ndani yake. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 14, Le Fantasque na Le Terrible zikafika na wapatao 500. Manowari za namna hii hazikujengewa abiria. Msomaji aliyepata kusafiri kwa jahazi lililopakiwa kupita kiasi atafahamu hali ya mtu wa nchi kavu aliyewekwa juu ya sitaha kama hiyo, usiku, bila taa, na chombo kinakwenda mbio kwa kuogopa ndege na topido.

Manowari hizo na nyinginezo zikaendelea kuvusha watu na zana kwa siku nyingi. Miongoni mwa waliovuka bahari hiyo kwa safari hizo walikuwa maelfu ya askari wa Moroko, Waislamu, na kati yao wale walioitwa Goumiers: watu wa milimani, wengi wao Waberiberi, waliovaa kanzu za sufi zenye mistari na kofia yake ya kufunika kichwa, wakifuatana na nyumbu wao. Hao ndio waliopandishwa katika njia ya mlimani iitwayo Teghime, iliyo juu ya mji wa Bastia, mahali penye mvua na ukungu, nao waliitwaa kwa vita vikali katika siku za kwanza za Oktoba. Tarehe 4 Oktoba 1943 Bastia ikawa huru, na Corsica nzima ikawa imekombolewa. Wengi wao waliuona mji huo kwa mara ya kwanza wakiwa juu ya mlima, na wengine hawakushuka.

Nchi yao wenyewe haikuwa huru. Moroko ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu mwaka 1912. Sultani wao, Sidi Muhammad bin Yusuf, alisimama na Ufaransa katika vita vile, na mwaka 1945 Jenerali de Gaulle akampa nishani kubwa ya ukombozi. Na mwezi Agosti 1953, katika siku za Idi ya Kuchinja, Wafaransa wakamwondoa Sultani huyo huyo katika kiti chake, wakampakia katika ndege pamoja na jamaa zake, wakampeleka uhamishoni. Walimpeleka wapi kwanza? Corsica. Kisiwa kile kile ambacho askari wake walikuwa wamekifia miaka 10 kabla. Baadaye wakamsogeza mbali zaidi, mpaka Madagascar katika bahari yetu hii ya Hindi, na hakurudi nyumbani ila mwezi Novemba 1955. Mwaka uliofuata Moroko ikapata uhuru wake.

Khabari hizi hazimo katika mchezo, na hatusemi kwamba watengeneza michezo wametenda dhambi kwa kutozitia. Wao wanauza mizinga na mwendo. Twasema tu kwamba mtoto aliyeambiwa khabari hizi, na mtoto asiyeambiwa, hawaioni meli moja ingawa wamekaa mbele ya kioo kimoja.

Iko nyingine fupi. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1944, Le Terrible ilikuwa katika doria karibu na Naples pamoja na ndugu yake Le Malin. Hapakuwa na adui. Katika giza zikagongana, zote mbili zikaumia vibaya, na mabaharia wakafa. Tulimwona kijana wetu akimgonga mwenzake katika mchezo mara mbili kwa jioni moja. Yule wa upande wa pili aliandika maneno ya kumtukana, wakacheka, mambo yakaisha. Tulipomsimulia ajali ya Naples hakucheka. Aliuliza ni wangapi waliokufa, na kama mama zao waliambiwa kwamba hakuna adui aliyewaua.

Sasa turudi kwa mama na fedha zake. Hapa sisi si mafakihi, na mwenye shaka na akamwulize shekhe wake. Lakini tulivyouona mchezo huu, kuna milango miwili ya kununulia, na tofauti yake ni kubwa. Mlango wa kwanza: meli imewekewa bei, unalipa, unaipata. Hiyo ni biashara, ijapokuwa ni biashara dhaifu. Mtoto na aelezwe kwamba hakununua meli, amenunua ruhusa ya kuiendesha katika bahari ya watu. Siku kampuni itakapofunga milango yake, manowari itakwenda nayo, na hapana mahali pa kudai. Mzazi aweza kukataa kwa sababu hiyo peke yake, au aweza kukubali kama anavyokubali kununua baluni, akijua kwamba itapasuka.

Mlango wa pili ni makasha. Unalipa fedha halisi na hujui kilichomo ndani: pengine ni manowari uitakayo, pengine ni bendera tu au rangi ya kupaka meli. Ukikosa, kasha jingine liko hapo hapo. Jambo hili haliitaji jina jipya. Ni kamari, na hukumu ya kamari msomaji wetu aijua tangu chuoni. Wala si Waislamu peke yao walioliona hivyo. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya bahati wa Ubelgiji, nchi isiyoongozwa na dini, waliamua kwamba makasha ya kulipiwa katika michezo kadhaa ya kompyuta ni kamari kwa sheria ya nchi yao. Kwa hiyo mama na amwulize mwanawe swali moja tu kabla ya kufungua mkoba: "Meli hii utaipata kwa bei, au kwa kasha?" Na asitosheke na jibu la upesi, na waketi pamoja, aonyeshwe. Na kadi ya benki isiachwe ndani ya kompyuta hata kwa usiku mmoja. Twajua nyumba ambayo baba alipata khabari za manowari tatu kutoka kwa benki yake, wala si kutoka kwa mwanawe.

Liko pia jambo la wakati, na hili mama hakuliuliza, bali tuliliona wenyewe. Pambano likianza, mchezaji hawezi kuondoka bila kuwaangusha wenzake, na mchezo humtia alama mwenye kuacha meli yake kabla ya wakati. Ndiyo sababu mtoto aitwapo kwa sala ya magharibi hujibu "bado kidogo", na mama hudhani ni ukaidi. Si ukaidi peke yake. Amejifunga kwa watu 11. Dawa yake ni ndogo: atazame saa kabla ya kubonyeza kitufe. Adhana ikiwa imebakiwa na dakika 20 au pungufu, asianze. Kijana wa jamaa yetu aliikubali sheria hiyo pasipo manung'uniko, kwa sababu ilikuwa sheria yenye hesabu na si kelele za mlangoni.

Kwa upande wetu, basi, mama asiupige mchezo marufuku, makasha ayafunge kabisa, na khabari ya kununua kwa bei aiweke mpaka Idi kama kijana mwenyewe alivyoahidi. Katika muda huo na amsimulie. Le Terrible iliondolewa katika jeshi la majini la Ufaransa mwaka 1962, na haipo tena mahali popote isipokuwa katika picha na katika michezo. Lakini katika njia ya Teghime lipo jiwe la kumbukumbu ya Goumiers, na chini yake, upande wa magharibi, katika mji wa Saint-Florent, yapo makaburi ya askari wa Moroko.

Tumemtumia mama ramani ya Corsica pamoja na toleo hili. Tumetia alama ya wino mwekundu mahali pane: Ajaccio, Teghime, Bastia na Saint-Florent.