Kinyama cha kichwani kisitupwe ndooni

Na Rehema Mbaruku

Mara nyingi msusi ndiye anayekigundua. Kitana kinakwama, anapapasa, anauliza: "Dada, hiki kinundu unacho tangu lini?" Hakiumi, hakiwashi, kwa hiyo mteja anacheka tu. Kikikua, zahanati ya jirani wanapiga ganzi, wanakitoa, wanashona nyuzi tatu, na kilichotolewa kinaishia kwenye ndoo ya taka.

Ugomvi wangu ni na hiyo ndoo.

Vinundu vingi vya kichwani ni vifuko tu visivyo na madhara. Lakini iko saratani adimu ya tishu laini, dermatofibrosakoma, iliyoelezwa na Wafaransa Darier na Ferrand mwaka 1924. Marekani huwapata watu wapatao wanne katika kila milioni kwa mwaka, weusi zaidi kuliko weupe. Hukua taratibu kwa miaka, ngumu, imeshikamana na ngozi, na kwetu ni rahisi kuiita keloidi na kuendelea na maisha. Kusambaa mapafuni ni nadra. Ubaya wake ni mizizi: hutambaa chini ya ngozi kupita pale jicho linapoona mwisho wa uvimbe. Ukitoa kinundu peke yake, kinarudi, na safari hii kimezama zaidi, pengine hadi kwenye fuvu.

Ndiyo maana mpasuaji anayejua anachokitibu hukata pamoja na ngozi nzima iliyozunguka, sentimita mbili au tatu kila upande. Kichwani si kazi ndogo hiyo. Ngozi ya hapo haivutiki, na mara nyingi kidonda huzibwa kwa ngozi iliyochunwa pajani. Pasipokatika kuna mionzi, na kuna vidonge vya imatinibu, dawa ya saratani ya damu ambayo Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2006.

Kuujua hakuhitaji maajabu: chupa yenye mfuniko, formalini mara kumi ya ujazo wa kinyama, jina la mgonjwa, na usafiri hadi maabara ya patholojia. Chini ya darubini seli zake huonekana zimesukwa kama mkeka. Nitaambiwa kipimo ni ghali. Ni ghali kweli, hasa kwa asiye na bima. Basi zahanati isiyoweza kupeleka kinyama isikate, iandike rufaa.

Majibu yakitoka, mgonjwa adai nakala, aitunze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Uvimbe huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu, na daktari atakayemwona siku hiyo huenda asiwe yule wa kwanza.