Sema Unachokunywa: Wito kwa Wana-Mfangano

Ndugu zangu wa Sena, Wakula, Ugina na fuo zote za kisiwa chetu,

Hapa Mfangano, mtu humeza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, asubuhi, na jioni hunywa mizizi ya mti wa ochuoga iliyochemshwa. Jambo hili linajulikana. Mwaka 2011 utafiti kuhusu mitishamba ya wenzetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi humu kisiwani ulichapishwa katika Journal of Ethnopharmacology. Ila tukifika kwa muuguzi, sufuria ya mizizi hatuitaji, tukiogopa kukemewa. Tukirudi kwa mzee wa mitishamba, vidonge hatuvitaji. Wawili hao wanatibu mwili mmoja, kila mmoja akiwa na nusu ya habari.

Ukimya huo una hatari. Mwaka huohuo wa 2011, maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Mti wake, mugariga, ndio ochuoga yetu. Baadhi yao waliacha ARV wakiamini wamepona. Anayekatiza ARV kimyakimya huvipa virusi nafasi ya kuongezeka upya, na hata kuwa sugu.

Siwaambii mtupe mizizi. Artemisinini, asili ya vidonge vya malaria tunavyopewa, ilitoka kwenye mmea wa China, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Lakini ilichunguzwa kwanza, kiasi cha kunywa kikajulikana. Mti wenye nguvu ya kutibu unaweza pia kuvuruga kazi ya kidonge, au kuumiza ini na figo.

Kwa hiyo nawasihi:

Mgonjwa, taja kila unachokunywa. Beba hata gome lenyewe umwonyeshe muuguzi. Usiache ARV wala dawa za kifua kikuu bila idhini ya kliniki.

Mzazi, mtoto akishikwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, kabla ya mitishamba. Degedege likimpata usiku ziwa limechafuka, hospitali ya Mbita ni mbali mno.

Wazee wa mitishamba, watu huanzia kwenu. Mkimwona anayekonda au kukohoa kwa wiki kadhaa, mpelekeni kituoni. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya asili na kutaja rufaa kutoka kwenu hadi hospitali.

Wauguzi, ulizeni kwa heshima, kisha mwandike kwenye faili. Aliyekemewa leo hatasema tena kesho.

Machifu na viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fuo), itisheni baraza katika kila ufuo. Waketi pamoja wauguzi, wazee wa mitishamba na wahamasishaji wa afya, waandike majina ya miti tunayotumia, kwa Kisuba na Kijaluo, na ile ya kuepukwa na anayemeza vidonge.

Hakuna mfadhili wa kungojwa hapa. Baraza la kwanza na liitishwe mwezi huu, na kila nyumba itume mtu.