Maji yalikuwa namba moja

Haya wadau, nimerudi. Najua nilikaa kimya tangu Julai na kuna watu walishaanza kusambaza kwamba nimedisko. Sijadisko! Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, na kijiji nilichopangiwa mtandao ulikuwa unakamatika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya uwanja wa mpira, tena mpaka uinue mkono. Kwa hiyo samahanini wote mlionitafuta.

Nilitaka nianze na vituko vya darasani (vipo, vitakuja). Ila juzi usiku chumbani kwetu uliwaka mjadala, mimi wa ualimu, mmoja wa sheria na mmoja wa uchumi, kwamba zahanati na vituo vya afya vikikosa dawa kosa ni la nani. Wa sheria akasema serikali. Wa uchumi akasema wahisani, akatukumbusha Marekani ilivyosimamisha misaada Januari 2025 watu wakahaha. Nikawauliza swali moja tu. Zahanati ya kijijini kwenu, bajeti yake inaandikwa na nani, na mwezi gani? Kimya. Na sijisifu, hata mimi mwaka jana ningenyamaza.

Nilivyojua ni hivi. Wiki yangu ya pili pale shuleni, kijana wa kidato cha pili alijikata mguu na jembe kwenye bustani ya shule. Kidonda kikubwa, damu inatoka kweli kweli. Mwalimu wa zamu hayupo, nikambeba kwa pikipiki mpaka zahanati. Sista akampokea vizuri tu, akamkandamiza kidonda, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, uzi wa kushonea umeisha. Glovu ninazo, maji ya kunawa sina." Nikakimbia duka la dawa, nikanunua uzi, nikarudi njiani na ndoo ya maji niliyoazima kwa mama ntilie. Kijana akashonwa. Hela ilikuwa ya kula kwangu wiki nzima, lakini tuyaache hayo.

Wakati anashonwa nikawa nasoma ukutani, maana mtu akiwa na wasiwasi anasoma chochote. Palikuwa na karatasi, mpango na bajeti ya zahanati kwa mwaka wa fedha, kila shughuli na shilingi zake. Dawa na vifaa tiba. Kliniki ya mkoba kwa ajili ya chanjo vitongojini. Usafi. Mafuta ya kupeleka ripoti wilayani. Maji hakuna. Nikamuuliza sista, mbona kitu kinachowasumbua kila siku hakimo? Akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Mwalimu, sisi tuliandika maji namba moja. Ukomo ulipokuja, maji yakatoka."

Hilo neno ukomo sikulielewa siku ile. Nikalifuatilia kwa mama mmoja muuza maandazi pale shuleni, ambaye kumbe ni mjumbe wa kamati ya zahanati. "Shikamoo mama, hivi ukomo ni nini?" Akanifundisha vizuri kuliko semina nyingi nilizokaa.

Kwa ufupi mambo yanakwenda hivi. Kila zahanati ina kamati, ndani yake wamo wajumbe kutoka kwa wananchi wenyewe, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Kamati inakaa, inasema mahitaji, inaandika mpango wake. Mipango ya zahanati na vituo vyote inapanda kwenye timu ya afya ya halmashauri chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, inaunganishwa kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, inapita kwa madiwani, inakwenda mkoani, TAMISEMI na Wizara ya Afya. Mwisho ni Bunge Dodoma, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Hela yenyewe inatoka mifuko mingi: ruzuku ya serikali, mfuko wa pamoja wa wahisani ulioanza mwaka 1999, mapato ya ndani ya halmashauri, bima, na ile ya papo kwa papo anayolipa mgonjwa dirishani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela ya mfuko wa pamoja haikai tena wilayani, inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Zamani zahanati ilikuwa inasubiri wilaya iinunulie hata ufagio. Kwa hilo mimi napiga makofi, kwa kweli.

Sasa ukomo. Ukomo ni kiasi cha juu ambacho huruhusiwi kukivuka. Unakokotolewa huko juu kwa vigezo kama idadi ya watu, umaskini, umbali na vifo vya watoto. Sina ugomvi na vigezo. Ugomvi wangu ni ratiba. Mama wa maandazi anasema kwao kamati ilikaa kwanza, ikajadili siku mbili, wazee wakatoa hoja, wakakubaliana tangi la kuvuna maji ya mvua na gata za bati. Wakaandika. Ndipo ukomo ukafika, mdogo kuliko walivyodhani, na siku za kurekebisha zimebaki chache. Aliyerekebisha ni mtu mmoja mbele ya kompyuta, usiku, sehemu yenye mtandao. Kamati ikaitwa kusaini.

Ni sawa na wewe uambiwe upange matumizi ya semista bila kujua boom ni kiasi gani. Unaandika chakula, nauli, vitabu, kodi. Halafu mtu mwingine anapata kiasi halisi kabla yako, anachukua kalamu nyekundu, anakata chakula anaacha nauli. Utamwelewa?

Na msidhani nimeleta hapa kisa cha mafisadi. Nilitafuta mwizi kwenye ile karatasi sikumpata. Kila kilichobaki kilikuwa na maana. Mwongozo unataka dawa zipewe fungu kubwa, sawa. Chanjo huwezi kuikata. Hata ule uzi wa kushonea uliagizwa. Zahanati inaagiza Bohari ya Dawa, bohari isipokuwa nacho ndipo utaratibu wa kununua kwa mshitiri unaanza, na huo una barua zake na sahihi zake. Wakati karatasi zinatembea, mguu wa mtoto unavuja damu.

Kuna jingine linaniumiza kichwa. Sera inasema mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure, na wazee wasiojiweza pia. Ni sera nzuri na naitetea mpaka kesho. Lakini kaa kwenye benchi la zahanati yoyote ya kijijini asubuhi moja uhesabu. Karibu wote ni haohao! Kwa hiyo hela ya dirishani haijazi kitu, na aliyetamka "bure" hajatenga fungu la kutosha la kuifidia zahanati. Sista ndiye anabaki anaitwa mbaya.

Nilivyorudi Mlimani nikaingia maktaba kuona kama kuna mahali hapa nchini mipango ya wilaya iliwahi kubadilisha kitu. Ipo! Na ni kwetu, siyo Ulaya. Kati ya mwaka 1997 na 2004 Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Canada, IDRC, waliendesha mradi ulioitwa TEHIP kwenye wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walianza na swali la kawaida kabisa. Watu wa hapa wanakufa kwa nini, na hela ya hapa inakwenda wapi? Rufiji watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa na nani kafariki. Ikaonekana kwamba Morogoro malaria peke yake ilikuwa inabeba karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha inayopotea, wakati bajeti ya 1996 iliipa kama asilimia 5. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna tu aliyekuwa ameziweka zile namba mbili pamoja.

Wakapewa michoro rahisi ya kusomea takwimu, wakapewa na nyongeza ya hela wakiambiwa wanaweza kutumia mpaka dola 2 kwa kila mwananchi. Unajua walitumia ngapi? Kama senti 80. Zaidi ya hapo wilaya zilikuwa hazina uwezo wa kuzitumia, watumishi na usimamizi vilikuwa haviruhusu. Na kwa hizo senti 80, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka kama mitano. Sisemi ni michoro peke yake iliyookoa watoto, kulikuwa na vyandarua, wahudumu walifundishwa upya kutibu magonjwa ya watoto, vituo vikatengenezwa. Lakini vyote hivyo vilichaguliwa na wilaya yenyewe baada ya kuangalia vifo vyake yenyewe. Nilisoma ule ukurasa mara mbili.

Rafiki yangu wa uchumi akanibana hapo. Akasema, "Sasa takwimu zilizosaidia ni za wataalamu, siyo za mama wa maandazi. Ukiviachia vijiji vipange, kila kijiji kitaomba eksirei." Hoja nzuri, sikuijibu usiku ule, nililala nayo. Jibu langu leo ni kwamba kile kijiji hakikuomba eksirei. Kiliomba tangi na gata. Wamama wanaojifungua pale wanakuja na ndoo zao za maji kichwani kwa ndugu, usiku, na hicho hakimo kwenye mchoro wowote kwa sababu hakina kisanduku kwenye daftari la zahanati. Daftari linaandika homa na kuhara. Haliandiki kwamba aliyekuzalisha alinawa kwa kikombe kimoja. Anayejua ni mama mwenye ndoo.

Kwa hiyo mimi nadai vitu viwili, na wala havihitaji mhisani. Ukomo ushuke kijijini kabla kamati haijakaa, ili kukata wakate wenyewe, wakijua wanakata nini. Na ile karatasi ya ukutani iwe na sehemu ya pili: vilivyoombwa vikakataliwa, na sababu. Sasa hivi ukuta unaonyesha kilichopita tu, kana kwamba maji hayakuwahi kutajwa na mtu.

Halafu kuna sisi. Mwishoni mwa Agosti nilikwenda mkutano mkuu wa kijiji kama mtazamaji. Sheria inawapa nafasi wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Taarifa ya zahanati ilisomwa kwa dakika kama nne, upepo unapeperusha karatasi. Mwenyekiti akauliza, "Kuna swali?" Walimu wa shule yetu walikuwa hawajafika hata mmoja, na wote wanaishi pale, wanazalia pale. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza maji yameishia wapi. Mtendaji akajibu yamewekwa kwenye mpango ujao. Mzee akasema, "Mwaka jana pia ulisema ujao," watu wakacheka, ajenda ikahamia kwenye mbuzi wanaokula mazao.

Wengi wetu tunaosoma ualimu hapa tutapangwa vijiji kama kile. Tunajua kujumlisha, tunajua kusoma jedwali, na mwanakijiji anatuita mwalimu hata ukiwa na miaka 22 na ndevu tatu. Mimi nimeshaamua nitakapopangwa nitauliza kamati ya zahanati inakaa lini kabla sijauliza chumba cha kupanga kiko wapi. Mtanicheka, najua.

Jana nilimpigia sista. Kijana amepona, anacheza mpira na kovu lake. Mwongozo wa mwaka ujao umefika, ukomo bado. Kamati imekaa Jumamosi, maji yameandikwa namba moja tena.

Naingia semina, tayari nimechelewa dakika kumi. Vituko vya darasani wiki ijayo.