Miguu ya watoto wetu si biashara ya matapeli

Wandugu, tumechoka!

Bwana mwenye kujiita maneja anakuja mtaani. Anaangalia mtoto wa miaka 15 anacheza juu ya mawe ya Goma ao vumbi ya Lubumbashi. Anaambia wazazi: leteni dola, nitamupeleka Ulaya kwa majaribio. Wazazi wanauzisha parseli. Kisha simu yake haipatikane tena.

Tuseme wazi: sheria ya FIFA, kifungu cha 19, inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda inchi ingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Mwenye kuuzisha hiyo ahadi ni mwizi.

Na kuna pesa ingine tunapoteza. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa inchi ingine, 5% ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomulea toka miaka 12 mpaka 23. Klabu ya mtaa yenye haijaandikishwa haipate hata franga.

Mwaka 2025 serikali yetu iliahidi FC Barcelona zaidi ya yuro milioni 40 kwa miaka 4. Na viwanja vyetu je?

Tunadai kwa FECOFA na Wizara ya Michezo:
- kuandikisha klabu za mitaa na kila mtoto, kwa umri wa kweli;
- kutangaza majina ya maneja wenye leseni ya FIFA;
- masomo kwanza: mtoto ajue kusoma mkataba mbele ya kutia sahihi.

Wazazi, musitoe hata dola moja. Mtoto haiko gunia ya makala!