Utu Uzima Dawa, Lakini si ya Pepopunda

Wahenga walinena kuwa utu uzima dawa. Kauli hiyo ina ukweli barazani. Mwilini mambo ni kinyume. Bakteria wa pepopunda huishi udongoni. Huingia kupitia jeraha dogo la jembe au mwiba, kisha hutoa sumu inayokaza misuli hata pumzi ikakatika. Sumu hiyo huua kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba mwili haupati fursa ya kuitambua. Ndiyo maana hata anayepona huhitaji kuchanjwa. Nayo kinga ya chanjo hufifia kadiri miaka inavyosonga. Uzeeni, tezi ya thimasi ambamo seli za kinga hukomaa huwa imenywea, na kingamwili zinazoundwa huwa haba.

Isitoshe, mpango wa taifa wa chanjo nchini Kenya ulianza mwaka wa 1980, ukiwalenga watoto na akina mama wajawazito. Mzee wa kiume aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajachanjwa kamwe. Ijapokuwa mwitikio wake ni hafifu, chanjo ingali inamfaa. Basi wizara na imfikie. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana deni: kumweleza mkulima huyo, kwa lugha aielewayo, kwamba mvi hazizuii sumu.