KALAMU HUJIBIWA KWA KALAMU



Kila Mtume wetu (S.A.W) anapokejeliwa huko Ulaya, tunaambiwa tutulie, kwani huo ni uhuru wa kujieleza na uhuru hauna mipaka. Leo tuipime kauli hiyo. Kisha tujipime na sisi.

Tarehe 30 Septemba 2005, gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha katuni 12 kuhusu Mtume, moja ikimwonesha na bomu kilembani. Tukaambiwa uhuru haubagui. Lakini mwaka 2003 gazeti hilo hilo lililetewa michoro ya mzaha kuhusu kufufuka kwa Yesu, likaikataa kwa kuogopa kuwaudhi wasomaji wake. Kumbe mpaka upo, na mhariri anaujua!

Endelea kidogo. Tarehe 20 Februari 2006, ghadhabu za katuni zile zikiwa bado hazijapoa, mahakama ya Vienna, Austria, ilimhukumu mwandishi Mwingereza David Irving kifungo cha miaka 3 kwa kukana mauaji ya Wayahudi. Nielewe vizuri: mauaji yale yalitokea, na kuyakana ni uongo. Simtetei mtu. Ninachosema ni kwamba Ulaya inajua kuwa maneno yanajeruhi, na ina sheria za kuyazuia. Hata Denmark yenyewe, baada ya misahafu kuchomwa mara kwa mara, Bunge lake lilipiga kura Desemba 2023, 94 dhidi ya 77, kukataza kuvunjia heshima hadharani vitabu vya dini. Basi mtu asituambie tena kwamba uhuru hauna mpaka. Swali ni moja tu: mpaka huo unawekwa kwa ajili ya nani?

Hoja hiyo ni nzito. Nani aliipunguza uzito? Baadhi yetu. Februari ile ile ya 2006, ubalozi wa Denmark ulichomwa moto Damascus. Maiduguri, Nigeria, makanisa yalichomwa na Wakristo wakauawa. Niambie, Mkristo wa Maiduguri alishika kalamu gani? Alichora nini? Kumuua jirani kwa kosa la mchoraji aliyeko Denmark si kumpenda Mtume. Ni dhulma, na dhulma haiwi ibada hata ukiipigia takbira.

Makureshi walimwita Mtume mchawi, wakamwita mwendawazimu, na washairi wao wakamtukana kwa mashairi. Alifanya nini? Alimwamuru Hassan bin Thabit (R.A) awajibu kwa mashairi. Ulimi ukajibiwa kwa ulimi.

Na wewe usiyewahi kushika kiberiti, usijione umesalimika. Katika Surat Al-An'am, aya ya 108, Allah (S.W) ametukataza kuvitukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Yeye kwa ujinga. Sasa hesabu, umehudhuria mihadhara mingapi ambayo watu waliangua kicheko kwa kejeli juu ya imani ya jirani? Umesambaza klipu ngapi za namna hiyo? Unadai kwa mhariri wa Denmark heshima ambayo wewe humpi mtu mnayepakana ukuta!

Ninakuusia mambo matatu. Video ya kuchoma msahafu ikikufikia, ifute. Mchomaji anatafuta watazamaji, usimpelekee. Ukiudhika, andika, jibu kwa hoja, au nenda kwenye vyombo vya sheria. Na kabla hujadai Mtume wako aheshimiwe, uzuie ulimi wako kwa kile anachokitukuza mwenzako. Kujadiliana naye kwa hoja kunaruhusiwa. Kumkejeli siyo da'awah.

Allah atujaalie tumtetee Mtume wetu kwa tabia za Mtume wetu. Aamiin.

Wallahu a'lam.